Barua ya wazi kwa Jaji wa Kaunti, Makamishna na Sherifu kuhusu askari mmoja na mahabusu 48

Mheshimiwa Jaji wa Kaunti, Waheshimiwa Makamishna, na Mheshimiwa Sherifu,

Kwa heshima na taadhima ninawaandikia nikiwa mmoja wa askari wanaolinda mahabusu katika jela ya kaunti yetu hapa Texas. Mimi ni mzaliwa wa Kigoma na raia wa Marekani kwa kiapo, na ninasema kwa niaba yangu mwenyewe bila kutumwa na chama wala mgombea yeyote. Nimeiandika barua hii kwa Kiswahili kwa sababu askari wenzangu waliotoka Kongo, Burundi, Kenya na Tanzania wanaongezeka kila darasa jipya la waajiriwa linapohitimu, na kwa sababu familia zetu, ambazo nazo zinalipa kodi na kupiga kura katika kaunti hii, zina haki ya kujua ninachokiomba. Tafsiri yake ya Kiingereza nimeikabidhi kwa karani ili iwafikie kabla ya vikao ambamo ninyi, Jaji wa Kaunti na makamishna, mnapitisha bajeti ya mwaka wa fedha unaoanza tarehe 1 Oktoba. Jina la kaunti sikulitaja, kwa kuwa ninaowaandikia wanajijua, na nia yangu ni kupata marekebisho, si kumwaibisha mtu.

Ninachoomba ni kwamba idadi ya askari wa kila zamu ipangwe kwa kuangalia kazi inayofanyika ndani ya jela, badala ya kutosheka na kiwango cha chini kabisa ambacho kanuni inaruhusu, ili ukaguzi tunaouandika kitabuni uwe ni ukaguzi uliofanyika kweli.

Kanuni zenyewe mnazifahamu, ila nitazitaja kwa ajili ya wasomaji wengine. Tume ya Viwango vya Jela ya Texas, iliyoundwa na Bunge la jimbo mwaka 1975, inataka jela ya kaunti iwe na askari asiyepungua mmoja kwa kila mahabusu 48. Tume hiyo hiyo inataka kila mahabusu aonwe na askari ana kwa ana angalau mara moja katika kila dakika 60. Pale wanapowekwa watu wanaojulikana kuwa ni washambuliaji, wanaohofiwa kujiua, wagonjwa wa akili, au walioonyesha mwenendo usio wa kawaida, muda huo unashuka hadi dakika 30. Sina ugomvi na kanuni hizi. Zimewekwa ili watu wasife wakiwa mikononi mwa serikali, na ningependa hata ziwe kali zaidi. Ugumu unaanza pale kaunti inapozichukua namba hizi mbili, 48 na 30, na kumkabidhi askari mmoja zote kwa pamoja kwa saa 12.

Niruhusuni nieleze mzunguko mmoja wa ukaguzi unavyokwenda, maana nina hakika kwamba wengi wanaopitisha bajeti yetu hawajapata nafasi ya kuuona usiku. Kando ya kila mlango kuna kitufe kidogo cha chuma, na askari hukigusa kwa kifaa cha mkononi ili kompyuta iandike saa na dakika aliyofika. Kioo cha mlango kimekwaruzwa na miaka mingi ya kucha na vijiko, na taa ya ndani imepunguzwa ili watu walale. Mahabusu amejifunika blanketi gubigubi kwa sababu ya baridi ya kiyoyozi. Askari anatakiwa aone ngozi ya binadamu, na aone kifua kinapanda na kushuka. Asipoona, anagonga mlango, anaita kwa jina, anamulika kwa tochi kwenye dari ili mwanga usimchome mtu machoni, kisha anasubiri mkono utoke au kichwa kigeuke. Kuna wanaonyanyuka na kutukana, na kuna wanaotaka kuzungumza, kwa sababu usiku ni mrefu na wao hawajalala tangu walipoletwa. Aliye katika arosto ya heroini au pombe hutetemeka na kutapika, na huyo hapitwi kwa kumtupia jicho tu, kwani arosto ya pombe inaweza kuua.

Kazi hiyo ikichukua sekunde 40 kwa kila mtu, ambayo si muda mrefu, mahabusu 48 wanahitaji dakika 32. Hapo askari amekwisha kuchelewa mzunguko wa dakika 30 kabla hajaumaliza. Akiufanya kwa sekunde 20 kwa kila mtu, anabaki na dakika 14 za kila kitu kingine, na hicho kila kitu kingine si kidogo. Kuna muuguzi anayegawa dawa, ambaye hawezi kufungua kidirisha cha mlango bila askari kusimama pembeni yake. Kuna trei za chakula, kuoga, simu, mawakili wanaosubiri chumba cha mahojiano, wanaoachiwa kwa dhamana, wanaopelekwa mahakamani alfajiri, wanaogombana kwa sababu ya mkopo wa tambi za duka la jela, na choo kilichoziba ambacho maji yake yanafurika hadi ukumbini. Katika saa hiyo hiyo askari anajibu redio, anaandika taarifa, na anapiga hesabu ya vichwa.

Ndipo tunapofika kwenye jambo ambalo limenifanya niandike. Kompyuta inathibitisha kwamba mkono wa askari umegusa kitufe cha mlango, lakini haina njia ya kuthibitisha kwamba macho yake yalimwona aliyemo ndani. Askari aliyebanwa anaweza kukimbia ukumbi mzima akigusa vitufe, na asubuhi karatasi itaonyesha kwamba kila kitu kilikwenda sawasawa. Msimamizi ataridhika, mkaguzi wa Tume ataridhika, na ninyi waheshimiwa mtaletewa ripoti isemayo kwamba jela inatimiza viwango. Wakati huo mtu aliyejifunga shuka shingoni upande wa pili wa mlango hajaonwa na yeyote.

Texas inajua gharama ya jambo hili. Tarehe 10 Julai 2015 Sandra Bland, mwanamke wa miaka 28, alisimamishwa barabarani na askari wa jimbo kwa kosa la kutoonyesha ishara alipobadilisha njia, akakamatwa na kufungiwa katika jela ya Kaunti ya Waller huko Hempstead, na tarehe 13 Julai akakutwa amekufa katika seli yake. Wakati wa kupokelewa ilikuwa imeandikwa kwenye fomu kwamba aliwahi kujaribu kujiua. Tume ya Viwango vya Jela ilipochunguza, ilikuta kwamba ukaguzi wa ana kwa ana wa kila saa haukufanywa kama ilivyotakiwa, na kwamba hapakuwa na uthibitisho wa mafunzo ya askari kuhusu watu wenye shida ya akili. Mwaka 2016 kesi ya familia yake ilimalizwa kwa malipo ya dola milioni 1.9, sehemu kubwa ikitoka kwa kaunti. Mwaka 2017 Bunge la jimbo likapitisha sheria inayobeba jina lake, na vifaa vya kielektroniki vya kurekodi ukaguzi, mafunzo ya saa 8 ya afya ya akili kwa askari wa jela, na uchunguzi wa vifo kufanywa na chombo cha nje, ni miongoni mwa mambo yaliyotokana nayo. Ninaishukuru sheria hiyo, na niliyojifunza katika saa hizo 8 ninayatumia karibu kila zamu. Lakini sheria ilitupa kifaa na mafunzo, na watu wa kuongeza kwenye zamu hawakuletwa.

Askari anapochelewa mzunguko, ana njia mbili mbele yake. Akiandika saa ya kweli, kompyuta inaonyesha rangi nyekundu, naye anaitwa na kupewa onyo la maandishi. Maonyo yakikusanyika anakosa kupandishwa cheo au anaachishwa kazi. Akiandika saa isiyo ya kweli, amefanya kosa la jinai, kwa kuwa kughushi kumbukumbu ya serikali ni kosa chini ya sheria ya adhabu ya Texas, na wapo askari wa jela katika jimbo hili walioshtakiwa kwa hilo baada ya mahabusu kufariki. Sitetei kughushi hata kidogo. Ninachosema ni kwamba mfumo unaomwadhibu askari kwa kusema kweli mapema unajinyima taarifa ambayo ungeihitaji zaidi kuliko nyingine yoyote, na unakuja kuitafuta kwa nguvu zote baada ya maiti kutolewa. Kuchelewa kwa mzunguko ni dalili kwamba zamu imezidiwa, na dalili hiyo inapaswa kufika mezani kwenu ikiwa mbichi.

Ninaomba pia tusisahau ni nani hasa tunaowalinda. Katika jela za kaunti nchini Marekani, kwa wastani kama watu 7 kati ya 10 hawajahukumiwa kwa kosa walilokamatiwa. Wanasubiri kesi, na wengi wao wanasubiri kwa sababu hawana fedha ya dhamana. Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema mwaka 1979, katika kesi ya Bell dhidi ya Wolfish, kwamba mtu ambaye hajahukumiwa hapaswi kuadhibiwa. Mwaka 1976, katika shauri lililotokana na gereza la hapa hapa Texas, ilikuwa imekwisha kusema kwamba kupuuza kwa makusudi mahitaji makubwa ya matibabu ya mfungwa ni kuvunja Katiba. Ongezeni hapo wale ambao mahakama imewaona hawana akili timamu ya kusimama mbele ya hakimu, na ambao wanangoja kitanda katika hospitali ya jimbo. Miaka ya 2022 na 2023 orodha ya wanaongoja hivyo katika jela za Texas ilipita watu 2,000, na wengine walingoja zaidi ya mwaka. Watu hawa ni wagonjwa. Wako kwetu kwa sababu hapajapatikana pengine pa kuwaweka, na anayekaa nao usiku kucha si daktari wala muuguzi, ni askari aliyepita kozi ya msingi ya wiki chache.

Wakati mwingine hata kozi hiyo bado hajaimaliza. Sheria inaruhusu mwajiriwa mpya apewe leseni ya muda na aanze kazi huku akiwa na hadi mwaka mmoja wa kukamilisha mafunzo. Ruhusa hiyo ina maana njema pale kijana anapowekwa pamoja na mkongwe anayemfundisha. Kwetu upungufu umefikia kiwango ambacho mwenye leseni ya muda anaachiwa ukumbi peke yake, na anayekuja kumpokea asubuhi naye ni mwenye leseni ya muda. Nimewaona vijana wa jamii yetu, wenye bidii na adabu, wakiacha kazi hii ndani ya miezi michache, na sijawahi kumsikia hata mmoja akisema ameshindwa na mahabusu. Wanasema wameshindwa na kuachwa peke yao.

Zamu ya saa 12 nayo haiishii kwenye saa 12. Mahabusu mmoja akipelekwa hospitali ya nje, askari wawili wanaondoka naye na kukaa kando ya kitanda chake usiku na mchana mpaka arudi, na nafasi zao ukumbini hazijazwi. Wa zamu ijayo wakipungua, sajenti anapita na orodha kuteua wa kubaki, na anayekataa amekaidi amri. Sheria ya kazi ya shirikisho inawaruhusu waajiri wa askari kuhesabu saa za ziada kwa kipindi cha siku 28, ambapo malipo ya ziada yanaanza baada ya saa 171, na inaruhusu fidia hiyo itolewe kama saa za mapumziko ambazo askari anaweza kujiwekea hadi 480. Kwenye karatasi askari wetu wengi ni matajiri wa saa hizo. Wakiziomba wanaambiwa hakuna mtu wa kuwashikia zamu. Matokeo yake ni askari anayetembea ukumbini katika saa ya 15 au ya 16 ya kuwa macho, akiwa ameshika funguo za milango ya watu 48, akitakiwa atofautishe kifua kinachopumua na kisichopumua kupitia kioo kilichokwaruzwa.

Sasa nije kwenye mapokezi, ambako jambo hili linawagusa wasomaji wa barua hii kwa namna ya pekee. Kila anayeletwa huulizwa maswali ya fomu ya uchunguzi wa hatari ya kujiua na ya maradhi: kama amewahi kufikiria kujiua, kama anasikia sauti, kama anatumia dawa, kama amepoteza mtu wa karibu hivi karibuni. Katika miji ya Texas, kuanzia Houston na Dallas hadi Abilene na Amarillo, wamepokelewa wakimbizi wengi wa Kongo waliokaa miaka mingi katika kambi kama Nyarugusu na Kakuma. Mmoja wao anapokamatwa, mara nyingi akiwa hajui hata kwa nini pingu zimefungwa, anaulizwa maswali hayo kwa Kiingereza na askari mwenye haraka. Nimeshuhudia mzee mmoja akiitikia kila swali kwa kutikisa kichwa kwa adabu, kama mtu anavyomwitikia afisa wa serikali ili mambo yaishe salama. Aliulizwa kama ana mawazo ya kujidhuru, akatikisa kichwa. Akaulizwa kama yuko salama, akatikisa kichwa vile vile. Nilipoitwa na kukaa naye, nikamwamkia shikamoo, akatulia, na baada ya dakika kadhaa akaanza kueleza mambo ambayo yalibadilisha kabisa mahali alipostahili kuwekwa usiku ule. Mfumo wa jimbo unaotafuta kama mtu amewahi kutibiwa maradhi ya akili haungemsaidia, kwa sababu aliyetibiwa katika zahanati ya kambini Kigoma hayumo kwenye kumbukumbu za Texas.

Nilifurahi kuwa wa msaada, na nitaendelea kuitika kila ninapoitwa. Hata hivyo mimi si mkalimani aliyefunzwa, na kila ninapoitwa mapokezi, ukumbi wangu unabaki bila macho. Huduma ya ukalimani kwa simu ipo, lakini simu iko chumba kingine na foleni yake ni ndefu, kwa hiyo katika usiku wenye watu wengi hairukwi kwa nia mbaya, inarukwa kwa kukosa mtu wa kusimama na mahabusu wakati wa kusubiri. Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964 inamkataza anayepokea fedha za serikali ya shirikisho kumbagua mtu kwa asili ya taifa lake, na kwa miaka mingi mahakama na wizara ziliielewa kuwa inagusa lugha pia. Ningependa tuitimize kwa sababu mtu anaweza kufa kwa swali ambalo hakulielewa.

Ninajua mtanijibu kwamba fedha ni chache, na sisemi hivyo kwa kudharau. Ninalipa kodi hiyo hiyo ya majengo na ninajua inavyouma. Lakini upungufu wa askari nao una bei. Kaunti ya Harris, iliyo kubwa kuliko zote katika jimbo hili, imelazimika katika miaka ya karibuni kuwapeleka mahabusu wake katika jela za Louisiana na kuwalipia huko, mbali na mawakili na familia zao. Saa za ziada zina bei, kuajiri na kufunza upya watu wanaoacha kazi kuna bei, na Waller ililipa bei yake mwaka 2016. Ninaona ni busara fedha hizo zitumike mapema kwa kuweka mtu wa pili ukumbini.

Kwa hiyo ninaomba, kwanza kabisa, kwamba kila ukumbi wenye mahabusu wa ukaguzi wa dakika 30 uwe na askari wawili usiku na mchana, na kwamba anayekaa chumba cha udhibiti au aliye hospitalini asihesabiwe katika kiwango cha mmoja kwa 48, kwa kuwa hawezi kumwona mtu yeyote usoni. Mwenye leseni ya muda asiachiwe ukumbi peke yake. Anayelazimishwa kubaki baada ya saa 12 asirudishwe kazini kabla ya kupata saa 10 za kupumzika, na saa za mapumziko alizojiwekea ziwe na mwezi maalumu ambao zikiombwa hazikataliwi. Mapokezi yawe na kishikwambi cha ukalimani wa video mezani pale pale, na askari wanaojua lugha wapewe mafunzo na posho badala ya kuchomolewa ukumbini.

Jambo la mwisho halihitaji fedha, linahitaji saini ya Sherifu na dakika chache za kikao chenu. Askari anayeandika ukweli kwamba mzunguko umechelewa, pamoja na sababu yake, asipewe onyo kwa kuandika hivyo. Idadi ya mizunguko iliyochelewa, ukumbi kwa ukumbi na zamu kwa zamu, isomwe hadharani kila mwezi katika kikao cha makamishna pamoja na idadi ya nafasi za askari zilizo wazi. Mwezi wa kwanza namba hizo zitawashtua. Ninaomba msimtafute wa kulaumu katika mwezi huo, bali mzitumie kupanga bajeti.

Kabla ya kura ya bajeti, ninawaalika mmoja mmoja mje kukaa zamu moja ya usiku katika ukumbi wa ukaguzi wa dakika 30, bila kutangaza, kuanzia saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi, na mtembee kila mzunguko pamoja na askari mtakayemkuta.

Wenu katika utumishi,

Askari wa mahabusu, zamu ya usiku